Nywele Zilipoanza Kung'oka

Agosti 2009, mjini Los Angeles, mgonjwa mmoja aliyekuwa amepimwa ubongo kwa skani ya CT aliipasha habari hospitali iliyompima kwamba nywele zake zinang'oka. Zilikuwa zikitoka kwa mabaka, hapa pana upara, pale pana nywele. Hospitali ikaanza kufukua kumbukumbu za mashine, na kilichopatikana kikawashtua wataalamu wa mionzi kila mahali.

Kipimo chenyewe kilikuwa cha kufuatilia mtiririko wa damu katika ubongo wa mtu anayeshukiwa kupatwa na kiharusi. Mashine hurudia kupiga picha sehemu ileile ya kichwa mara nyingi kwa muda mfupi, ili daktari aone damu inavyoingia na inavyotoka. Februari 2008 mipangilio ya mashine ilibadilishwa kwa nia njema kabisa, ili madaktari wapate taarifa nyingi zaidi. Mabadiliko hayo yakafuta maelekezo yaliyokuwa yamewekwa awali. Tangu siku hiyo, kwa miezi 18, kila aliyelala kwenye kitanda kile kwa kipimo kile alipata mionzi karibu mara nane ya kiasi kilichokusudiwa. Jumla yao ilikuwa watu 206. Takriban wanne kati ya kila kumi walipoteza nywele.

Miezi 18 ni muda mrefu. Zamu zilibadilishana, picha zilisomwa, majibu yakaandikwa, wagonjwa wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Mashine haikuzima wala kulia. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipotangaza tukio hilo Oktoba 2009 na kuzitaka hospitali nyingine zijikague, kasoro za aina hiyo zilijitokeza kwingine pia. Kufikia mwishoni mwa 2010 idadi iliyojulikana ilikuwa wagonjwa wapatao 385 katika hospitali sita. Miongoni mwa mambo ambayo mamlaka hiyo ilisisitiza, moja ni jepesi mno kiasi cha kuumiza moyo: kabla ya kumpiga picha kila mgonjwa, tazama namba ya dozi kwenye kioo cha mashine.

Namba ilikuwa na pa kuonekana. Iliyokosekana ni jicho lililofunzwa kuitafuta.

Kinachosikitisha zaidi ni kwamba nywele zilikwisha kuonya mapema, zaidi ya karne moja kabla. Wilhelm Conrad Röntgen aligundua miale ya eksirei mjini Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895. Mwezi uliofuata alipiga picha ya mkono wa mkewe, Anna Bertha, mifupa ikionekana na pete ikining'inia kidoleni kama kivuli cheusi. Miezi michache tu baadaye, katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt nchini Marekani, aliletwa mtoto aliyepigwa risasi kichwani, na mwalimu wa fizikia John Daniel akaombwa aitafute risasi hiyo kwa miale mipya. Kabla ya kumgusa mtoto, alitaka kujaribu kwanza kwa mtu mzima. Mkuu wa kitivo cha tiba, William Dudley, akajitolea kichwa chake. Mashine iliwashwa kwa muda wa saa nzima. Siku 21 baadaye, upande ule wa kichwa ulioelekea mashine ulikuwa na upara.

Hiyo ilikuwa 1896. Daniel aliliandika jambo hilo na likachapishwa. Wengi walisoma na kupita, kwa sababu miale haiumi. Ukishika jiko, mkono unajirudisha wenyewe kabla hujafikiri. Ukisimama mbele ya miale ya eksirei husikii joto, harufu wala mchomo, na madhara yake huja baada ya wiki, miaka, au miongo, wakati mtu amekwisha kusahau alikuwa wapi siku ile.

Clarence Dally hakupewa muda wa kusahau. Alikuwa fundi wa kupuliza vioo katika maabara ya Thomas Edison, na katika majaribio ya mirija ya eksirei alikuwa akiuweka mkono wake mwenyewe mbele ya miale kupima kama picha inatoka vizuri. Mkono wa kushoto ulipoharibika akatumia wa kulia. Alikatwa mkono mmoja, kisha wa pili, na mwaka 1904 akafariki kwa saratani, akiwa hajafika miaka 40. Edison akaachana na kazi ya eksirei. Mjini Hamburg, katika uwanja wa hospitali ya St. Georg, kuna mnara uliosimamishwa mwaka 1936 wenye majina ya madaktari, wauguzi, mafundi na wanasayansi wa mataifa mbalimbali waliouawa na mionzi waliyoifanyia kazi. Majina yaliendelea kuongezwa baada ya hapo.

Kwa miaka mingi kulikuwa na kinga moja ambayo hakuna aliyeibuni kwa makusudi: filamu. Mtu aliyefanya kazi katika chumba cha giza anajua. Ukizidisha mionzi, filamu inatoka nyeusi tititi. Ukipunguza, inatoka nyeupe. Kosa lilining'inia pale kwenye waya likidondosha maji, kila anayepita analiona, na bosi anauliza nani alipiga hii. Aibu hiyo ndogo ya kila siku ilifundisha watu wengi kuliko vitabu.

Mashine za kidijitali zimeiondoa aibu hiyo. Zenyewe ni neema kubwa. Picha inatokea baada ya sekunde chache, inatumwa kwa daktari wa mji mwingine, haipotei kabatini. Lakini kompyuta husawazisha weusi na weupe kabla ya kukuonyesha chochote. Picha iliyopigwa kwa mionzi maradufu ya inayohitajika hutoka nzuri tu, tena nzuri zaidi, kwa sababu mionzi ikizidi ile chengachenga ya picha hupungua. Picha iliyopigwa kwa mionzi pungufu ndiyo hutoka na chenga, na daktari hulalamika. Basi mfanyakazi anajifunza, bila hata kujua kwamba anajifunza, kuongeza kidogo. Mwezi ujao kidogo tena. Hakuna anayekuja kumuuliza. Wataalamu wameliona jambo hili katika nchi nyingi, dozi ikipanda polepole kama maji ya bamvua, na dawa yake inarudi palepale: kwenye pembe ya picha kuna namba inayosema sahani ya kupokelea picha imepata mionzi kiasi gani, na lazima mtu afundishwe kuisoma na kujali inasema nini.

Ni vizuri kuvipima vitu hivi kwa kipimo cha maisha ya kawaida. Dunia yenyewe hutupa mionzi kutoka ardhini, angani na hata ndani ya chakula, kwa wastani milisiveti (kizio cha kupimia dozi ya mionzi) 2.4 kwa mwaka kwa kila mtu. Picha moja ya kifua iliyopigwa vizuri ni kama milisiveti 0.02, yaani mionzi ya siku tatu za kuishi. Skani ya CT ya tumbo inaweza kufika milisiveti 8 hadi 10, sawa na miaka mitatu au minne ya kuishi. Mgonjwa mwenye maumivu makali ya tumbo asiogope skani hiyo; inaweza kumwokoa maisha. Ila aliyekwisha kuipata Jumatatu katika hospitali moja hana sababu ya kupigwa tena Alhamisi katika nyingine kwa kuwa tu picha za kwanza hazikuletwa.

Jambo ambalo wagonjwa wengi hawalijui ni hili. Mfanyakazi wa idara ya mionzi ana ukomo: Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi, iliyoanzishwa Stockholm mwaka 1928, inapendekeza asizidi wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka. Kifuani anavaa beji inayokusanya hesabu, na beji hizo hukusanywa na kusomwa. Mgonjwa hana ukomo wala beji. Sababu ni ya msingi, kwani huwezi kumwambia majeruhi wa ajali kwamba amemaliza mgao wake wa mwaka. Badala ya ukomo kuna maswali mawili ambayo lazima mtu ayajibu kwa niaba yake: je, picha hii inahitajika kweli? Na kama inahitajika, ni kiasi gani kidogo cha mionzi kitakachotosha kuipata? Beji ya mgonjwa ni dhamiri na ujuzi wa yule aliye nyuma ya kioo chenye madini ya risasi.

Tanzania humwita mtaalamu wa mionzi, Kenya radiografa, na wagonjwa wengi humwita daktari wa eksirei. Kazi yake, kwa macho ya anayesubiri kwenye benchi, ni kubonyeza kitufe. Kitufe huchukua sehemu ndogo ya sekunde. Yanayokitangulia ndiyo kazi.

Mama mtu mzima anaingia na karatasi yake mkononi, kikohozi cha wiki tatu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Aliyefunzwa vizuri hamwulizi, "Wewe ndiye Mwanaisha Ali?" Mgonjwa aliyechoka, au mwenye masikio mazito, atajibu ndiyo kwa jina lolote. Humwuliza, "Unaitwa nani, mama? Majina yote matatu." Pwani nzima imejaa akina Mwanaisha Ali na Juma Hassan, na wawili wao kukaa benchi moja asubuhi moja si ajabu hata kidogo.

Kisha anamtazama. Mkufu utolewe. Shanga zitolewe. Kama amevaa hirizi, aombwe kwa adabu aisogeze, na aelezwe kwa nini. Sarafu iliyosahauliwa mfukoni imewahi kuhangaisha madaktari wengi. Halafu nywele. Msuko mnene wa rasta ukilala juu ya bega, vivuli vyake huangukia ncha za mapafu, palepale ambapo kifua kikuu hupenda kujificha kwa watu wazima. Picha ya mtu mzima wa afya inaweza kutoka na ukungu wa kutia shaka kwa sababu ya nywele tu. Ubaya wa pili ni mkubwa kuliko wa kwanza: daktari anaweza kudhani ni nywele, kumbe chini yake pana ugonjwa. Kuinua misuko na kuifunga utosini huchukua nusu dakika.

Sasa mama anaelekea ukutani, kifua kwenye sahani, kidevu juu, mikono kiunoni, viwiko mbele ili makombe ya mabega yaondoke juu ya mapafu. Mashine iko nyuma yake, umbali wa sentimita 180. Umbali huo una maana, na kukabili sahani kwa kifua kuna maana pia, kwa sababu moyo uko mbele ya kifua; ukiwa karibu na sahani kivuli chake hakivimbi. Mpige mtu huyohuyo akiwa kitandani, miale ikimwingia kwa mbele, na moyo utaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Kuna watu wameanza kufikiriwa ugonjwa wa moyo kutokana na namna walivyolazwa. Mtaalamu anawasha taa inayoonyesha mipaka ya miale, anaibana iishie kwenye kifua, isipande shingoni wala kushuka tumboni bila sababu. "Vuta pumzi, mama. Vuta zaidi. Shika hapohapo." Kitufe. "Pumua."

Pembeni mwa picha kuna kiherufi cha risasi, L au R, kilichowekwa kabla ya miale kupita. Kwa Kiswahili kulia na kushoto zote zinaanza na k; zinazotumika ni herufi za Kiingereza. Kiherufi hicho kinaonekana kitu kidogo sana mpaka siku anapokuja mtu ambaye moyo wake uko kulia. Watu wa namna hiyo wapo, na wengi hawajijui. Picha isiyo na alama, kwenye kompyuta, inaweza kugeuzwa kwa mbofyo mmoja na mtu anayedhani anasahihisha, na herufi iliyoongezwa baadaye kwa kompyuta haina ushahidi wowote. Kwa goti, figo au pafu lenye maji, upande usio sahihi ni kisu kinachopita mahali pasipostahili.

Mgonjwa akiwa msichana au mwanamke wa umri wa kuzaa, kuna swali moja zaidi, na hilo linahitaji busara ambayo mashine haina. Mwaka 1956 na 1958 daktari wa Kiingereza Alice Stewart alitangaza matokeo ya kazi rahisi kimaarifa na ngumu kibinadamu: aliwauliza akina mama waliofiwa na watoto kwa saratani, na akina mama ambao watoto wao walikuwa hai, mambo yaliyowapata wakati wa ujauzito. Waliopigwa eksirei tumboni wakiwa wajawazito walionekana kufiwa kwa karibu mara mbili zaidi. Wakati ule kumpiga mjamzito eksirei ya nyonga lilikuwa jambo la kawaida. Madaktari wengi walimpinga, na ilichukua karibu miongo miwili kabla hoja yake kukubalika. Mwaka huohuo wa 1958, mjini Glasgow, Ian Donald na wenzake walichapisha picha za kwanza za tumbo la uzazi kwa ultrasaundi, ambayo hutumia sauti badala ya mionzi. Leo mama mjamzito wa Tanga au Kisumu anamwona mwanawe kwa kifaa hicho.

Lakini swali lenyewe bado lipo: siku zako za mwisho uliziona lini? Ukimwuliza binti wa miaka 17 swali hilo mbele ya baba yake, jibu utakalopata ni la baba. Ukimwuliza mke kijana mbele ya mavyaa, utapata jibu la mavyaa. Mtaalamu mzuri hupata kisingizio cha kumwita ndani peke yake, hufunga mlango, hushusha sauti. Somo hili halimo ndani ya fizikia ya miale, lakini bila hilo fizikia yote haimsaidii mtoto aliye tumboni.

Hata kifaa kisicho na mionzi kinaweza kuua. Mwaka 2001, katika hospitali moja jimboni New York, mtungi wa chuma wa oksijeni uliingizwa katika chumba cha MRI wakati mtoto wa miaka sita yuko ndani ya mashine. Sumaku ya MRI haizimwi kama taa. Inavuta mchana na usiku. Mtungi uliruka na kumpiga kichwani, akafa. Aliyeuingiza alikuwa anataka kusaidia.

Na picha ikishapigwa vizuri, bado inasubiri macho ya binadamu. Mwaka 2013 watafiti wa Boston waliwapa madaktari 24 wa radiolojia picha za CT za mapafu wazitafute chembe ndogo za uvimbe. Katika baadhi ya picha walichora sokwe, mkubwa mara 48 ya uvimbe wa kawaida unaotafutwa. Madaktari 20 hawakumwona. Kifaa cha kufuatilia macho kilionyesha kwamba wengi wao walimtazama sokwe moja kwa moja. Hawakuwa wazembe, walikuwa wanatafuta kitu kingine, na akili huona inachokitafuta. Ndiyo maana karatasi ya daktari anayeomba picha haitoshi ikiandikwa neno moja tu, "kifua". Iandikwe: kikohozi wiki tatu, jasho la usiku, amepungua uzito, alikuwa mvutaji. Kila neno linamfungulia msomaji mlango wa kuangalia.

Sheria zipo. Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomiki, inayofanya kazi kwa sheria ya mwaka 2003, kukagua mashine na kutoa leseni. Kenya ilitunga sheria mpya ya udhibiti wa nyuklia mwaka 2019. Mwaka 2015, Nairobi, wataalamu wa radiolojia wa Afrika walizindua kampeni ya AFROSAFE ya usalama wa mionzi, kufuatia wito uliotolewa Bonn na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na Shirika la Afya Duniani. Chuo Kikuu cha Muhimbili, Dar es Salaam, kinafundisha fani hii hadi shahada, na tangu 2018 madaktari wa Tanzania wamekuwa wakifundishwa hapo na wenzao kutoka Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kutibu kwa kuongozwa na picha, kupenyeza sindano na mirija midogo bila kupasua. Haya yote ni ya kujivunia. Ila mkaguzi huja na kuondoka, na mashine ya wilayani inabaki na kijana mmoja anayepiga picha tangu asubuhi hadi usiku, hana mwenzake wa kumwuliza. Serikali inayonunua mashine kwa mabilioni bila kutenga fungu la kumrudisha kijana huyo darasani imenunua nusu ya mashine.

Kurudi darasani si maneno ya kupamba hotuba, kwa maana kazi hii hujigeuza. Kwa miongo mingi wanafunzi walifundishwa kumfunika mgonjwa sehemu za siri kwa kipande cha risasi. Mwaka 2019 chama cha wanafizikia wa tiba wa Marekani kikapendekeza desturi hiyo iachwe. Dozi za sasa ni ndogo sana, kifuniko kikiteleza huficha mfupa unaotafutwa na picha inarudiwa, na katika mashine zinazojipimia zenyewe risasi ikiingia mbele ya kipimo mashine huongeza mionzi kufidia. Yule aliyehitimu zamani na hajasoma tena anaendelea kufunika kwa moyo safi. Na yule aliyesoma ana kazi ya kumweleza mama anayeuliza, "Mbona mwanangu hamjamfunika?"

Zamani picha zilizoharibika zilitupwa kwenye boksi kona ya chumba cha giza, zikauzwa baadaye kwa wanaochuja madini ya fedha kutoka kwenye filamu. Boksi likijaa haraka, kila mtu aliona. Sasa picha mbovu hufutwa kwa mbofyo, na mgonjwa hupigwa ya pili bila yeyote kujua kwamba kulikuwa na ya kwanza. Idara zinazojiheshimu zimefunga mlango huo: kompyuta hairuhusu kufuta mpaka uandike sababu, na mwisho wa mwezi sababu zinahesabiwa. Mgonjwa alitikisika. Pumzi haikushikwa. Sehemu imekatwa. Mkufu.

Picha zilizokataliwa hutolewa kwenye kioo mbele ya wote, majina ya wagonjwa na ya waliopiga yakiwa yamefichwa. Mwanafunzi aliye mazoezini huitwa mbele. Ni kifua, ncha ya pafu la kulia ina michirizi ya ukungu, mirefu, inayoshuka sambamba. Anaulizwa anaona nini. Anasema kifua kikuu. Mkubwa wake hasemi ndiyo wala hapana. Anachukua kalamu, anaufuata mchirizi mmoja taratibu kwenda juu, unavuka mtulinga, unatoka nje ya kifua, unapanda shingoni, na mwanafunzi anainua mkono wake na kugusa misuko yake mwenyewe.